Nimezuru kambi ya mateso kwenye skrini na sikuhisi kitu. Nina roho ngumu?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Historia wa kidato cha nne, Morogoro. Tulipofika kwenye Vita ya Pili ya Dunia niliwaonyesha wanafunzi wangu, kwa projekta ya shule, ziara ya mtandaoni ya iliyokuwa kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen, Ujerumani. Nilitegemea itawagusa. Tukaona uwanja mpana, kokoto, ukuta na miti mirefu, kila kitu kisafi na kimya. Kijana mmoja akacheka. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa hii inatuhusu nini sisi?" Sikuwa na jibu. Kibaya zaidi, mimi mwenyewe sikuhisi chochote, na tangu siku hiyo naona aibu. Je, nina roho ngumu, au ziara za namna hii hazina maana? Na nikitaka waandike tafakari, waandike nini hasa?

JIBU: Marahaba, mwalimu wangu. Huna roho ngumu. Ulionyeshwa uwanja mtupu, ukauona uwanja mtupu. Macho yako yalifanya kazi yake sawasawa.

Shida iko kwenye kile tunachokidai kutoka kwa ziara hizi. Watu wanaingia wakitafuta machozi, na machozi yasipokuja wanatoka wakijihukumu. Mimi nimewapitisha watu pale kwa miguu, wengi wao ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaosoma Berlin au waliokuja kusalimia jamaa zao. Wapo wanaolia getini kabla hawajaona lolote. Wapo wanaozunguka saa tatu nzima macho makavu, halafu wakati wa kurudi kituo cha treni wanauliza swali linalokulazimu usimame ufikiri. Sijaona kama anayelia ndiye anayeelewa. Kwa hiyo ukikaa na darasa lako tena, lile swali la "mlihisi nini?" liweke pembeni. Waulize waliona nini. Ni gumu kuliko linavyosikika, na mara ya kwanza karibu hakuna anayeliweza.

Tuanze na zile kokoto, maana umezitaja mwenyewe. Katikati ya kambi kuna maumbo ya mstatili ardhini, yamejazwa mawe madogo, yamepangwa kwa nusu duara yakielekea getini. Kila mstatili ni alama ya mahali lilipokuwa banda la mbao walimolala wafungwa. Mabanda yenyewe mengi hayapo. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo ataona bustani isiyokamilika, na hana kosa.

Sasa chora ubaoni pembetatu. Sachsenhausen ilijengwa kiangazi cha 1936 katika mji wa Oranienburg, kilomita kama 35 kaskazini ya Berlin, na walioijenga ni wafungwa wenyewe. Ilikuwa kambi ya kwanza kujengwa baada ya Heinrich Himmler, mkuu wa SS (kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi hizi), kukabidhiwa polisi wote wa Ujerumani mwaka huo, na SS walitaka iwe ya mfano. Wakachora pembetatu. Katikati ya upande mmoja wakaweka geti, na juu yake Mnara A wenye bunduki ya rashasha. Mbele ya mnara wakaacha uwanja wa nusu duara, na nyuma ya uwanja mabanda yakafuatana mistari kwa mistari, yote yakitazama mnara. Lengo lilikuwa askari mmoja na bunduki moja aweze kuitawala kambi nzima akiwa amekaa. Ule upana uliouona wewe kama utupu ulipimwa kwa rula na kuchorwa na msanifu. Mpango wenyewe haukudumu sana: wafungwa walipozidi, pembetatu haikuweza kupanuliwa, wakaanza kubandika kambi ndogo pembeni na mchoro ukaharibika.

Na uwanja ule haukuwa mtupu. Ndipo wafungwa walipohesabiwa, asubuhi na jioni, mvua inyeshe au theluji ianguke, na hesabu isipokamilika walisimama mpaka ikamilike. Januari 1940, kwenye baridi kali chini ya nyuzi sifuri, wafungwa mamia kadhaa walisimamishwa pale kwa saa nyingi kwa amri ya ofisa wa SS aitwaye Rudolf Höss. Zaidi ya 100 walikufa. Miezi michache baadaye Höss alipelekwa Poland kuwa mkuu wa kambi mpya, nayo ikaitwa Auschwitz. Kamera ya ziara yako huenda ilisimama mita chache tu kutoka walipoanguka watu hao, siku ya jua, saa ambayo hakuna mgeni anayepita. Picha za ziara hizi mara nyingi hazina watu. Matokeo yake unaona mahali pale katika hali ambayo mfungwa hakuwahi kuiona hata dakika moja: pana nafasi, pana ukimya, na uko peke yako. Mabanda yalilaza watu mara mbili na zaidi ya idadi yaliyojengewa. Kitu adimu kuliko vyote kambini kilikuwa nafasi ya mtu kuwa peke yake.

Hapo ndipo skrini inapodanganya bila kusema uongo, na ndipo mwalimu anapohitajika.

Kuna jambo moja ambalo ningependa mlirudie polepole, kwa sababu linaonekana vizuri hata kwa intaneti ya kusuasua. Kuzunguka ule uwanja wa kuhesabia kuna njia iliyotengenezwa kwa vipande vya aina mbalimbali: hapa saruji, pale changarawe, mbele mchanga, kisha mawe yaliyovunjwa. Ukipita haraka utadhani ni njia ya wageni. Ilikuwa njia ya kupimia soli za viatu. Ujerumani ilikuwa na upungufu wa ngozi, viwanda vikawa vinabuni soli za vifaa mbadala, na kabla ya kuzitumia walitaka kujua zitahimili kilomita ngapi. Wafungwa wa kikosi cha adhabu wakavalishwa viatu hivyo na kutembezwa duara hiyo kutwa nzima, hadi kilomita 40 kwa siku, wengine wakiwa na mizigo mgongoni. Aliyeanguka alipigwa, na wengi hawakuinuka. Kilomita 40 ni karibu maratoni nzima, mwalimu, kila siku, kwa mtu anayekula supu ya majani na kipande cha mkate.

Napenda kuwasimamisha watu hapo kuliko mahali pengine popote, na sababu yangu ni hii. Chumba cha mauaji kinamfanya mwanafunzi aseme "walikuwa wanyama" na kufunga daftari. Njia ya viatu haimpi nafasi hiyo. Hapo kuna mhandisi aliyeandika ripoti ya soli. Kuna karani wa kiwanda aliyepokea ripoti na kuiweka kwenye faili. Kuna ada iliyolipwa kwa kila mfungwa kwa siku. Kuna mtu Berlin aliyevaa kiatu kizuri na hakuuliza kilipimwaje. Kidato cha nne wanaielewa biashara, na darasa likifika hapo hunyamaza lenyewe bila kukemewa.

Jambo jingine ambalo ziara hailisemi kwa nguvu ya kutosha ni kwamba picha unayoiona ina tabaka nyingi za wakati, zote zimelala juu ya uso mmoja. Jeshi la Kisovieti na la Poland lilifika tarehe 22 Aprili 1945 na kuwakuta wagonjwa kama 3,000. Siku moja kabla, SS walikuwa wamewatoa wengine zaidi ya 30,000 na kuwaswaga kwa miguu kuelekea kaskazini-magharibi, na walioshindwa kutembea wakapigwa risasi kando ya barabara. Watu wengi wanadhani hadithi inaishia hapo. Miezi michache baadaye Wasovieti wakaigeuza kambi ileile kuwa gereza lao, mpaka 1950. Walifungwa humo watu kama 60,000: watumishi wa ngazi za chini wa Unazi, lakini pia vijana na watu walioshtakiwa bila ushahidi wa maana. Kama 12,000 walikufa, wengi kwa njaa na maradhi. Kisha Ujerumani Mashariki ikabomoa majengo, na mwaka 1961 ikafungua eneo la kumbukumbu kwa namna yake.

Ule mnara mrefu ulioko katikati, wenye pembetatu kwenye kilele, ni wa mwaka huo. Urefu wake ni mita 40. Pembetatu ni 18 kila upande, kwa ajili ya mataifa walikotoka wafungwa, na zote ni nyekundu. Nyekundu ilikuwa alama ya mfungwa wa kisiasa. Kambini kulikuwa na rangi nyingine: Wayahudi walivalishwa nyota ya njano, Mashahidi wa Yehova zambarau, mashoga waridi, na waliobandikwa jina la "wasiofaa katika jamii" nyeusi. Hao wote hawamo juu ya mnara. Serikali ya kikomunisti ya wakati ule ilitaka kuwakumbuka wakomunisti wenzao kwanza, ikawakumbuka kwa saruji. Hapo wanafunzi wako wana swali zuri la mtihani: nani ameachwa nje ya mnara huu, na nani aliamua?

Banda namba 38 nalo lisipitwe. Humo na katika jirani yake, namba 39, ndimo walimofungiwa Wayahudi. Baada ya mashambulizi ya Novemba 1938 dhidi ya Wayahudi nchini kote, wanaume wa Kiyahudi kama 6,000 waliletwa Sachsenhausen kwa mkupuo. Kufikia mwisho wa 1942 waliobaki karibu wote walikuwa wamepelekwa Auschwitz. Mabanda hayo yakatiwa moto Septemba 1992. Umeusoma mwaka vizuri, 1992. Wafuasi wapya wa itikadi ya Kinazi waliyachoma siku chache baada ya waziri mkuu wa Israeli kuzuru mahali hapo. Waliokarabati waliacha rangi ya dari iliyoungua na kutoka malengelenge ionekane, na kamera nzuri inaionyesha ukiisogeza karibu. Mwanafunzi anayesema "hiyo ni historia ya zamani" mpeleke kwenye dari hiyo.

Kuhusu mahali pa mauaji, Station Z, nitakuwa mfupi. SS waliipa jina hilo kwa mzaha: mfungwa aliingia kwa Mnara A na kutokea Z. Kilichobaki ni misingi ya ukuta na masalia ya tanuri za kuchomea maiti, chini ya paa kubwa jeupe, kwa sababu jengo lililipuliwa na polisi wa Ujerumani Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1941 zaidi ya wafungwa wa kivita 10,000 wa Kisovieti waliuawa kambini hapo kwa muda wa majuma machache tu. Mtu aliambiwa anapimwa afya, akasimamishwa kwenye kipimo cha urefu ukutani, na nyuma ya kipimo palikuwa na mwanya na askari mwenye bastola. Muziki ulifunguliwa kwa sauti kubwa ili wanaosubiri wasisikie. Waeleze hayo kwa sentensi hizohizo chache, kisha songa mbele. Kuyarefusha hakuwaongezei maarifa.

Hapo pia watenganishie jambo moja ambalo vitabu vyetu huwa vinalichanganya. Sachsenhausen ilikuwa kambi ya kufungia, kutumikisha na kutesa. Walipita humo zaidi ya watu 200,000, na makumi ya maelfu hawakutoka. Treblinka, mashariki ya Poland, ilikuwa kitu kingine: watu walishushwa kwenye treni na kuuawa ndani ya saa chache, na idadi yao inakadiriwa kufika 900,000. SS waliibomoa Treblinka wenyewe mwaka 1943, wakalima juu yake. Ukizuru pale hukuti jengo hata moja. Kwa hiyo darasa lisipime ukubwa wa uovu kwa wingi wa majengo yaliyobaki.

Sasa swali la binti yule. Nalipenda, na nadhani ulilipokea kama utovu wa adabu wakati lilikuwa swali bora la siku. Jibu lake lina jina la mtu.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi la kikoloni la Wajerumani. Vita ya 1914 ilipoanza, mtoto akaingia jeshini na baba yake, akafundishwa kazi ya kupeleka ishara. Oktoba 1917 alijeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa, huko Lindi, akaangukia mikononi mwa Waingereza. Alikuwa na miaka 13. Wanafunzi wako wa kidato cha kwanza ndio umri huo.

Baadaye akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani akiwa na dai mkononi: mshahara wake na wa marehemu baba yake ambao Wajerumani hawakuwahi kuulipa. Wizara ya mambo ya nje ikamjibu kwamba muda wa kudai umepita. Akabaki Berlin, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alihudumu kama mhudumu kwenye jumba kubwa la starehe. Alifundisha Kiswahili katika taasisi ya lugha za mashariki ya Chuo Kikuu cha Berlin, kwa malipo madogo, akiwa msaidizi wa maprofesa ambao lugha hiyo waliisoma ukubwani. Aliigiza sehemu ndogondogo kwenye filamu, mara mtumishi, mara mpagazi. Tarehe 27 Januari 1933 alifunga ndoa na mwanamke wa Kijerumani, Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Hitler akawa kansela.

Miaka iliyofuata alizidi kubanwa. Aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa Vita ya Kwanza, akanyimwa. Mwaka 1941 ilitoka filamu ya kumtukuza Carl Peters, yuleyule ambaye wanafunzi wako wanamjua kwa jina la Mkono wa Damu, na Husen alikuwa miongoni mwa Waafrika walioigiza ndani yake. Agosti mwaka huohuo Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Kosa hilo waliliita kuchafua damu. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa Sachsenhausen, akakaa humo miaka mitatu, akafa tarehe 24 Novemba 1944 akiwa na miaka 40. Mwaka 2007 kijiwe chenye bamba la shaba kikawekwa kwenye lami mbele ya nyumba aliyokaa, Brunnenstraße 193, Berlin.

Kwa hiyo kwenye uwanja ule mtupu alikuwepo mtu aliyeota ndoto zake kwa Kiswahili. Mwambie binti hivyo, halafu usiishie hapo, maana kuna mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kumfanya Husen mtakatifu. Alijivunia uaskari wake, na alishiriki maonyesho yaliyowafariji Wajerumani waliolilia makoloni yao. Alihitaji kula, na pengine aliamini kwamba utumishi wake ungemkinga. Ukimsafisha sana, wanafunzi watapoteza sehemu ngumu kuliko zote: mtu aliyelitumikia dola tangu utotoni, na dola likamla. Baba na mwana walipigana upande wa serikali iliyokuwa imetoka tu kuzima Maji Maji kwa njaa. Mkae na utata huo. Kidato cha nne wanauweza.

Mtego wa pili ni kuibeba kambi nzima tukaifanya yetu. Waafrika kambini walikuwa wachache mno. Walioteswa pale kwa wingi walikuwa Wajerumani wapinzani wa Hitler, Wayahudi, Wapoland, Wasovieti, Waroma na Wasinti (jamii zilizozoeleka kuitwa Jipsi), na watu wa karibu kila nchi ya Ulaya iliyovamiwa. Husen anatupa mlango wa kuingilia. Nyumba ina wenyewe.

Ukitaka mlango wa pili, ulio karibu zaidi, upo Kenya. Miaka ya 1950 Waingereza waliwafungia makumi ya maelfu ya watu kwenye makambi kama Manyani, Mwea na Hola. Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai vifo vimetokana na maji waliyokunywa. Baadhi ya makambi hayo leo ni shule za sekondari, watoto wanasoma humo kama wako wanavyosoma. Wapo vijana wa Kenya waliochora upya kambi kadhaa kwa kompyuta, kwa kusikiliza wazee walioishi humo na kusoma kumbukumbu za wakoloni. Sitaki uziweke Hola na Treblinka kwenye mizani moja. Mizani hiyo haimsaidii yeyote. Nakutajia kwa sababu wanafunzi wakiona namna zote mbili, moja ya kupiga picha kilichobaki na nyingine ya kuchora kisichobaki, wataanza kuuliza kila picha imetengenezwaje. Hilo litawafaa hata nje ya somo la Historia.

Umeuliza kama ziara hizi zina maana. Zina maana, zikijua mipaka yake. Kuna faida ambayo mgeni wa miguu haipati: unaweza kurudi nyuma, kusimamisha, kusogeza karibu, kufungua ramani pembeni. Jaribuni hili: fungueni picha ya setilaiti ya Oranienburg na mrudi juu taratibu. Mtaona mitaa ya makazi imeigusa kambi kabisa. Kambi haikuwekwa porini. SS walijenga nyumba za familia zao jirani, wafungwa walipitishwa mjini kutoka kituo cha treni, na kiwanda cha ndege cha Heinkel kiliwatumikisha palepale Oranienburg. Kuanzia 1938 ofisi iliyosimamia kambi zote za Wanazi ilikuwa jirani na ukuta huo, na makarani wake walikwenda nyumbani jioni kama makarani wengine.

Ninachokipinga ni zile zinazojaribu kumfanya mtazamaji "awe" mfungwa: unavaa miwani, unasikia mbwa wanabweka, mtu anakupigia kelele kwa Kijerumani. Anayevua miwani na kwenda kunywa chai hajawa mfungwa, na amedanganywa kwamba amejua. Walioendesha maeneo haya kwa miaka mingi wanalijua hilo. Makumbusho ya Auschwitz inakataza kupiga picha kwenye chumba chenye nywele za waliouawa, ingawa karibu eneo lote lingine picha zinaruhusiwa. Kuna vitu ambavyo kuviona kunahitaji mtu awe amesimama mbele yake, na wametunza mpaka huo.

Kijana aliyecheka usimwadhibu. Vijana hucheka wakikosa pa kuweka uso. Mwite, mpe kipanya, mwambie awaongoze wenzake kwenye njia ya viatu na awasomee kila kipande kimetengenezwa kwa nini.

Kuhusu kuandika, nakuomba jambo moja kwa mkazo: usiwape insha ya "Jifanye wewe ni mfungwa wa Sachsenhausen, umwandikie mama yako barua." Najua inapendwa, na najua inatoa insha za kuliza. Inamfundisha mtoto kubuni maumivu ya mtu aliyekuwepo kweli na ambaye aliyasema mwenyewe au alinyimwa nafasi ya kuyasema. Wape picha moja kutoka kwenye ziara. Aya ya kwanza, waeleze kilichomo bila neno lolote la hisia: mawe, ukuta, kivuli, alama. Aya ya pili, waeleze kila kitu ni cha mwaka gani, 1936, 1961 au juzi. Aya ya tatu, waandike ni nani hayumo kwenye picha. Nimeona kazi za namna hii kutoka kwa vijana ambao Kiswahili chao cha insha huwa kimejaa mapambo, na ghafla sentensi zao zinakuwa fupi na za kweli. Wewe pia andika ya kwako, uisome mbele yao pamoja na zao.

Rudini tena, ila msizunguke kambi nzima. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha vituo vinne: Mnara A, njia ya viatu, dari ya banda 38, na mnara wa 1961. Husen mweke mwishoni, baada ya wao kuishajua kambi, wasije wakamtafuta yeye tu. Intaneti ya shule ikisumbua, hifadhi picha za vituo hivyo kwenye flashi usiku wa kuamkia kipindi, uzionyeshe moja moja. Na umeme ukikatika, ile pembetatu inachoreka ubaoni kwa dakika moja, geti upande wa chini, na njia ya viatu kuuzunguka uwanja.